Sumu ya Mahindi Kitui na Makueni: Kwa Nini Utafiti Hutaka Mifuko Mingi



Mpwani yeyote aliyewahi kupanda basi la Nairobi ameipita Makueni, hata kama hajui. Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, mpaka Sultan Hamud, mji uliochukua jina la sultani wa Zanzibar, kote huko ni nchi ya Wakamba. Ukivuka Mto Athi kwenda mashariki, waingia Kitui. Sisi hushuka tukanywa chai, tukanunua maembe, tukasali, tukaendelea na safari yetu. Wachache kati yetu wanajua kwamba katika vijiji vilivyo nyuma ya vituo hivyo, mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa sababu ya kula sima.

Leo nataka kueleza kifo hicho kilitokana na nini, kilichunguzwa vipi, na dawa yake ilipatikana vipi. Naeleza kwa sababu mbili. Ya kwanza, mahindi ya bara ndiyo tunayokula Pwani. Ya pili, siku hizi nasikia watu wakiuliza utafiti wa kushirikiana na wageni una faida gani kwetu. Kisa cha Kitui na Makueni kinalijibu swali hilo vizuri kuliko hotuba yoyote.

Lakini kwanza niseme langu. Mwaka huo wa 2004 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ndiyo kwanza nimetoka chuo na stashahada yangu ya usimamizi wa ghala. Nikapata ukarani kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka hapa Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia yakishuka, kupima uzito na kutia saini. Gunia likifunguliwa likaonekana lina punje za kijani au lanuka uvundo, agizo la tajiri lilikuwa moja: lichanganywe na mazuri. Nami nilitia saini. Nilidhani kuvu ni uchafu tu, ukiosha na kupika umekwisha.

Mwezi wa Mei akaja dereva mmoja mtu mzima, kwao Mutomo, Kitui. Akatwambia kwao watu wanageuka macho manjano, wanavimba matumbo, wanakufa. Nikamwuliza, "Mzee, na haya uliyoleta yatoka wapi?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kijana wangu, mimi nabeba tu."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Sumukuvu ni nini

Kuvu hili wataalamu huliita Aspergillus flavus. Linaishi udongoni, na katika nchi za joto liko karibu kila shamba. Mahindi yakipigwa na ukame hupoteza nguvu ya kujikinga, wadudu wakatoboa punje, na kuvu likaingia. Mahindi yakivunwa mabichi, au yakinyeshewa, au yakiwekwa ghalani bila kukauka, kuvu huzidi kuenea. Likishaenea hutoa sumu. Sumu hiyo kwa Kiswahili ni sumukuvu, na maabarani huitwa aflatoksini.

Dunia iliijua sumu hii mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga zilizotoka Brazil. Tangu hapo imejulikana kuwa adui mkubwa wa ini. Mtu akila nyingi kwa mara moja, ini huharibika na anaweza kufa kwa siku au wiki chache. Akila kidogo kidogo kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Mambo mawili yafaa kukaa kichwani mwa kila anayepika. Kwanza, kupika hakuiondoi. Sima ikichemka vipi, sumu imo. Pili, kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Mwaka 2004 kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Kwa lugha ya ghalani, hiyo ni miligramu 20 tu ndani ya tani nzima, yaani magunia 11 ya kilo 90. Huwezi kuiona kwa jicho. Baadaye Kenya ilikishusha kiwango hicho mpaka 10. Ndiyo maana kuchanganya gunia bovu na mazuri si kulipunguza sumu, ni kuisambaza. Wazee walisema nazi mbovu harabu ya nzima, na kwa mahindi msemo huo ni kweli tupu.

Mwaka wa msiba

Makueni haikuanza kuumwa mwaka 2004. Mwaka 1981, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 waliingizwa hospitalini na 12 wakafariki. Watafiti wakaandika, dunia ikasoma, kisha mambo yakasahaulika.

Mwezi wa Aprili 2004 hospitali za upande huo zikaanza kupokea watu wenye macho ya manjano. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya ini ya virusi. Vipimo vya virusi havikuonyesha hivyo. Mahindi yalipopimwa mwezi wa Mei, jibu likapatikana: yalikuwa na sumukuvu kwa viwango vya kutisha.

Kufikia tarehe 20 Julai, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na waliokufa 125. Kwa kila watu 10 walioumwa, karibu 4 walikufa. Makueni peke yake ilikuwa na wagonjwa 148, na Kitui 101. Waliobaki walitoka Machakos, Thika na kwengineko.

Uchunguzi ulionyesha jinsi msiba ulivyokuja. Ukame ulikuwa umetangulia, kisha mvua ikaja wakati wa mavuno. Watu walikuwa na njaa na wakiogopa kuibiwa, basi wengi wakayaweka mahindi ndani ya nyumba, yangali na maji, badala ya kuyaweka kwenye ghala la nje lenye kupitisha hewa. Mahindi hayo hayo yaliyolimwa nyumbani yakaingia sokoni. Watafiti walizunguka masoko 65 wakachukua sampuli 350 za mahindi na vyakula vyake. Asilimia 55 zilikuwa zimepita kiwango cha sheria. Asilimia 35 zilipita 100 kwa bilioni. Asilimia 7 zilipita 1,000.

Niliposoma takwimu hizo miaka baadaye, nilikumbuka saini zangu.

Nani alileta nini

Hapa ndipo pana funzo la ushirikiano, na naomba msomaji alifuate hatua kwa hatua.

Wizara ya Afya ya Kenya ilikuwa na hospitali, madaktari, na maafisa waliojua vijiji na lugha. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilikuwa na maabara ya kuanzia. Lakini kupima sumu ndani ya damu ya binadamu, ili kuthibitisha kuwa aliyeumwa ndiye aliyeila, kulitaka mashine na ujuzi ambao wakati ule haukuwa mikononi mwetu. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilikuwa nao. Shirika la Afya Duniani nalo likasaidia. Wakachukua wagonjwa 40 na majirani 80 wasioumwa, wakalinganisha chakula chao, ghala zao na damu zao. Ikaonekana wazi kwamba walioumwa walikuwa na sumu nyingi zaidi mwilini na katika mahindi yao, na kwamba kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba kuliongeza hatari.

Hebu fikiri kama kila mmoja angefanya peke yake. Kenya peke yake ingewajua wagonjwa bila kuwa na kipimo cha damu. Marekani peke yake ingekuwa na kipimo bila mgonjwa wala ruhusa wala mtu wa kumwuliza mama wa kijijini, kwa Kikamba, amehifadhi vipi mavuno yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Kuvu hili liko Afrika nzima, mbona linaua zaidi Kitui na Makueni? Mahindi ya mwaka 2004 yakachunguzwa kwenye maabara ya mtaalamu Peter Cotty, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa Arizona. Mwaka 2007 yeye na wenzake wakachapisha jibu. Kuvu lililotawala katika mahindi ya eneo lile lilikuwa la aina inayoitwa S, yenye kutoa sumu nyingi mno, wala halikuwa lile la kawaida. Hapo tukamjua adui kwa jina. Kabla ya hapo tulikuwa tukipiga kelele gizani.

Dawa iliyotoka udongoni mwetu

Huko Arizona, Cotty hakuwa akishughulika na sima. Alikuwa akishughulika na pamba. Mbegu za pamba hulishwa ng'ombe wa maziwa, na zikiwa na sumukuvu, maziwa huharibika. Aligundua kwamba si kila kuvu la jamii hii hutoa sumu. Yako makuvu ndugu yake yasiyo na sumu kabisa. Ukiyasambaza shambani mapema, hukamata nafasi kabla ya yale yenye sumu. Ni kama viti vya matatu: abiria waungwana wakishakaa, mhuni akija hana pa kukaa. Gharama ya kuyajua hayo ilibebwa na serikali ya Marekani na wakulima wa pamba wa Arizona.

Maarifa hayo yakavuka bahari. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, iliyoanzishwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1967, ikaungana na Cotty na wataalamu wa Ujerumani, wakaanza kutafuta makuvu yasiyo na sumu katika mashamba ya Nigeria. Bidhaa iliyotokana na kazi hiyo ikaitwa Aflasafe.

Sasa angalia jambo hili. Aflasafe ya Nigeria haikuletwa Kitui ikamwagwa tu. Kila nchi hutakiwa kutafuta kuvu la kwake, lililozoea udongo wake na hewa yake. Basi watafiti wakakusanya mahindi na udongo wa Kenya, wakatenga makuvu, wakapima moja baada ya jingine, mpaka wakapata manne ya Kenya yasiyo na sumu. Hayo manne ndiyo Aflasafe KE01. Njia ya kuifanya ilitoka nje, lakini vilivyomo ndani yake ni vya udongo wetu.

Kazi hiyo kwa upande wa Kenya ilibebwa na KARI, ambayo siku hizi ni KALRO, pamoja na IITA na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Mkenya, Dkt. Charity Mutegi, na mwaka 2013 alipewa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa mashambani kwa sababu ya kazi yake juu ya msiba huu. Mwaka 2015 bodi yetu ya kudhibiti dawa za wadudu na mimea ikaisajili bidhaa hiyo. Kiwanda cha kuitengeneza kikawekwa Katumani, Machakos, kwenye kituo cha KALRO.

Matumizi yake si magumu. Kuvu hubebwa na punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote. Mkulima huzirusha kwa mkono shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Mara nyingi sumu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi, na ulinzi huo huendelea mpaka ghalani. Imetumika pia huku kwetu, kwenye mahindi ya miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura, kaunti ya Tana River.

Faida za kuchanga

Kutokana na kisa hiki naona faida nne, ambazo zinahusu utafiti wowote na si wa mahindi pekee.

Ya kwanza ni kugawana gharama. Mkulima wa pamba wa Arizona alilipa sehemu yake, Mjerumani sehemu yake, serikali ya Kenya ikatoa vituo, wafanyakazi na mishahara, na wafadhili kama Shirika la Bill na Melinda Gates na USAID wakalipia kuisambaza bidhaa katika nchi nyingi. Hakuna aliyelipa yote. Na kilichopatikana hakikupungua kwa kutumiwa na wengi. Mkate ukiugawa hupungua, lakini maarifa ukiyagawa hubaki nayo.

Ya pili ni kutorudia kazi. Tanzania ilipatwa na msiba kama huu mwaka 2016, katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara. Watu 68 waliumwa na 20 wakafariki. Tanzania haikuhitaji kuanza sifuri. Njia ilikuwa imeshachorwa Nigeria na Kenya, wakatafuta makuvu yao wenyewe, na mwaka 2018 wakasajili Aflasafe mbili za kwao.

Ya tatu ni kutumia kitu kimoja kwa kazi mbili. Mwaka 2007 Kenya ilifanya uchunguzi wa ukimwi nchi nzima, damu zikachukuliwa. Baadaye watafiti walichukua sampuli 600 kati ya hizo wakazipima sumukuvu. Asilimia 78 zilikuwa nayo. Mkoa wa Mashariki, wenye Kitui na Makueni, ulikuwa wa kwanza. Wa pili, ndugu msomaji, ulikuwa Pwani.

Soma tena sentensi hiyo. Tulidhani ni maradhi ya Wakamba. Damu yetu ilikuwa na ushahidi, na tusingeujua lau si utafiti wa watu wengine.

Ya nne ni kuchungana. Majibu ya mtafiti mmoja yakipitiwa na wenzake wa nchi nyengine, makosa huonekana upesi na uongo hupata taabu kupita. Mfanyabiashara wangu wa zamani hakuwa na mtu wa kumchungulia ghala lake.

Shaka za watu, na haki ya kuuliza

Najua yanayosemwa barazani. Wazungu wanatufanya panya wa maabara. Wanachukua damu zetu wanakwenda kuuza. Sitaki kuwacheka wanaosema hivyo, kwa sababu historia ya ukoloni haikutufundisha kuamini haraka. Ni haki kuuliza, tena ni wajibu. Lakini tuulize maswali yenye manufaa.

Nani ameidhinisha utafiti huu hapa nchini? Sampuli zikipelekwa nje, kwa makubaliano gani? Mtafiti wa Kenya ni mshirika mwenye sauti au ni mbeba mizigo? Dawa ikipatikana, itatengenezwa wapi na itauzwa kwa bei gani? Na matokeo, je, yataletwa kijijini yalikotoka?

Kisa cha Kitui na Makueni chajibu vizuri baadhi ya maswali hayo. Makuvu ni ya hapa, usajili ni wa hapa, kiwanda kiko Machakos. Lakini chajibu vibaya swali la mwisho. Wakulima wengi wadogo bado hawaijui bidhaa hiyo, au wanaijua na hawamudu kuinunua, au hawaoni faida kwa sababu sokoni mahindi safi na mahindi yenye sumu huuzwa bei moja. Utafiti ulifika mbali, kisha ukasimama mlangoni kwa mkulima.

Sisi wa Pwani tuna mfano wetu wa karibu. Kilifi, tangu mwaka 1989, KEMRI inashirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na mfuko wa Wellcome wa Uingereza. Kilifi ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021. Watoto wa Kigiriama na wa Kiswahili walishiriki, na faida yake leo inafika hata kwa mtoto wa Ghana na Malawi. Huko ni kutoa, si kupokea tu. Tusijidharau.

Mfuko mmoja ukikauka

Upande wa pili nao lazima usemwe. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Miradi mingi ya afya na kilimo katika Afrika Mashariki ikatikiswa kwa siku chache. Waliokuwa wametegemea mfuko mmoja ndio walioumia zaidi. Wahenga wa Pwani walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kosa si kushirikiana. Kosa ni kuingia kwenye ushirika mikono mitupu. Mshirika asiyetia kitu hana la kusema mwenzake akiamua kuondoka. Sheria yetu wenyewe ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Umoja wa Afrika umeomba angalau asilimia 1. Kenya haijafika hata hiyo moja. Tunapitisha sheria nzuri, kisha tunawaachia wageni kulipa.

Na ushirikiano si wa Wazungu tu. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku kwa ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mipakani, na siku chache baadaye ikabidi kulegeza. Lau nchi zetu zingekuwa na maabara zinazoaminiana na kipimo kimoja, jambo hilo lingemalizwa kwa karatasi moja ya cheti. Kuvu halijui mpaka wa Horohoro na Lungalunga.

Tufanye nini huku kwetu

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumu hii. Watu walishtuka kwa wiki mbili, kisha tukarudi dukani kama kawaida. Mimi napendekeza mambo machache.

Nyumbani na shambani: anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya mchanga mtupu. Yakauke mpaka maji yasizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo huchukua chumvi kavu kidogo, akaitia kwenye chupa kavu pamoja na mahindi, akatikisa: chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Tenga punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, na usimpe kuku, kwani nao hudhurika. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye matabaka matatu, huzuia wadudu bila dawa. Hiyo nayo ni tunda la utafiti wa kushirikiana, kati ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na watafiti wa Cameroon. Lakini mahindi yatiwe yakiwa makavu, mfuko haukaushi.

Kwenye kaunti zetu: kaunti sita za Pwani tayari zina jumuiya yao. Zichange fedha pamoja kwa mashine za kukaushia na vipimo vya sumukuvu kwenye masoko makubwa, na zivipe vyuo vyetu, kama Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, kazi ya kufuatilia kila msimu. Kaunti moja haiwezi. Sita zikichanga, zinaweza. Na zikishachanga, zikamwendee mgeni zikiwa na kitu mkononi, zimwambie: sisi tumetia hiki, wewe watia nini? Mazungumzo ya namna hiyo huwa na heshima.

Kwa wenye maghala, nina neno moja, nalisema kwa sababu nimekaa kwenye kiti chenu. Niliacha kazi ile mwishoni mwa mwaka 2004. Sikuacha kwa ushujaa. Niliacha kwa sababu usiku nilikuwa nikikumbuka magunia. Sijui ni nani aliyekula niliyoyatia saini, na Mwenyezi Mungu anisamehe. Lakini sasa elimu ipo. Imetafutwa kwa fedha za mataifa na kwa roho za watu 125 wa Kitui, Makueni na jirani zao. Karani wa leo hawezi kusema hakujua, na dereva wa leo hawezi kusema anabeba tu.

Safari ijayo ukishuka Mtito Andei kunywa chai, waombee wale. Kisha ukirudi nyumbani, fungua gunia lako uliangalie.

Wabillahi tawfiq.